Wazazi wa Brussels, Jumamosi asubuhi mko wapi?

Leo siasa tunaiweka kando. Waliozoea kutusoma tukiandika juu ya kura zilizoibwa na magazeti yaliyofungiwa watuvumilie, Jumatatu tutarudi huko huko. Leo tunataka kuzungumza na wazazi, hasa wale wenye watoto wa miaka mitano, sita na saba wanaoishi hapa Brussels, kuhusu mpira wa miguu. Si mpira wa Simba na Yanga wala wa Gor Mahia na AFC Leopards. Ni ule unaochezwa Jumamosi asubuhi, baridi ikiuma, na watoto ambao bukta zimewafika chini ya magoti na hawajui bado goli lao ni lipi.

Tumelazimika kuandika kwa sababu ya jambo tunaloliona mwaka hadi mwaka kando ya viwanja vya mji huu. Watoto wetu wapo. Watoto wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kinyarwanda, na hao wachache wa Kitanzania na Kikenya, wapo uwanjani tena wengine wanacheza vizuri sana. Wazazi wao hawapo. Mtoto ameletwa na baba wa rafiki yake, Mbelgiji au Mmoroko, na atarudishwa na huyo huyo. Sisi tunasema hili si jambo dogo.

Kwanza tueleze mambo yanavyokwenda, maana wengi wetu tumekuja hapa tukiwa watu wazima na hakuna aliyetueleza. Kwetu mtoto akitaka kucheza mpira hutoka nje. Anakuta wenzake, mpira wa makaratasi umefungwa kamba, mawe mawili ndiyo goli, na chandimu linaanza. Akikua kuna timu ya shule, mashindano ya shule za msingi na kadhalika. Hapa shule ina kipindi cha mazoezi ya viungo na baadaye basi. Michezo ya Ubelgiji iko mikononi mwa klabu za mitaa, na ndiyo maana mtoto anayekaa gorofa ya sita pale Molenbeek au Anderlecht, nje kukiwa na magari tu, hana chandimu la kwenda kujiunga nalo. Chandimu lake ni klabu.

Na klabu hiyo ni nini? Wengi tunadhani ni kitu kama shule, kwamba kuna ofisi, kuna walimu wanaolipwa, sisi tunatoa ada na wao wanafanya kazi. Sivyo. Kwa watoto wadogo klabu nyingi zinaendeshwa na watu wanaojitolea. Kocha wa timu ya watoto wa miaka sita mara nyingi ni fundi bomba, karani wa benki au mwanafunzi, ambaye Jumatano alasiri, shule zikiwa zimefungwa mapema kama ilivyo desturi ya huku, anakuja kufunga kamba za viatu vya watoto kumi na wawili. Anayefua jezi ni mama wa mtu. Anayeuza kahawa, supu na soseji kwenye kibanda cha klabu ni babu wa mtu, na faida ya hizo soseji ndiyo inayonunua mipira. Watoto hawa hawaletewi mwamuzi na chama cha soka. Anayepuliza filimbi ni mzazi au kijana wa klabu. Kila timu inapaswa kuwa na mwakilishi wake siku ya mechi, mtu mzima anayepokea wageni na kuangalia makaratasi. Huyo naye ni mzazi.

Kuna sheria kabisa ya watu hawa, ya tarehe 3 Julai 2005, inayolinda wanaojitolea. Hawalipwi mshahara, wanaweza kurudishiwa gharama zao kwa kiwango chenye kikomo, na hawana haja ya kuogopa kwamba mtu akiumia watabebeshwa mzigo peke yao. Mwaka 2014 sheria ikapanuliwa ili hata walioomba hifadhi na wanasubiri jibu waweze kujitolea. Tunalitaja hili makusudi. Tunawajua watu waliokaa miezi na miezi kwenye vituo vya wakimbizi wakihesabu siku, wakati kilomita mbili kutoka hapo kuna klabu inayotafuta mtu wa kuwashikia watoto koni.

Sasa, mchezo wenyewe. Mzazi anayekuja kwa mara ya kwanza hushangaa. Anategemea kuona kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, anakuta kiwanja kimekatwa vipande na watoto wa miaka mitano wanacheza wawili kwa wawili. Mwaka unaofuata ni watatu kwa watatu, kisha watano kwa watano, halafu wanane kwa wanane, na kumi na mmoja kamili mpaka wafikie miaka kumi na mitatu hivi. Hakuna msimamo wa ligi kwa hawa wadogo, hakuna kombe la kugombea roho. Huu si uzembe. Ubelgiji iliandaa Kombe la Mataifa ya Ulaya mwaka 2000 pamoja na Uholanzi na ikatolewa kwenye makundi mbele ya watu wake. Baada ya aibu hiyo mkurugenzi wa ufundi wa chama cha soka, Michel Sablon, alisimamia mageuzi. Walitazama mechi za watoto wakagundua kwamba mtoto mdogo kwenye kiwanja kikubwa anakimbia muda mrefu na kuugusa mpira mara chache sana, na kwamba makocha wanahangaika na ushindi badala ya kufundisha. Wakapunguza viwanja, wakapunguza wachezaji, wakaondoa misimamo. Mwaka 2018 nchi hii ndogo ikashika nafasi ya tatu Kombe la Dunia. Kwa hiyo, baba, ukisimama kando unamfokea mtoto wa miaka sita kwamba ametoa pasi mbovu, unabomoa kilichojengwa kwa miaka ishirini. (Na tuseme ukweli, wanaofoka zaidi ni Wabelgiji wenyewe.)

Turudi kwenye swali letu la msingi. Kwa nini uwepo wa mzazi ni muhimu kiasi hicho? Romelu Lukaku, mtoto wa Kikongo aliyekuja kuwa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa ya Ubelgiji, alisimulia mwaka 2018 kisa kilichompata akiwa na miaka kumi na moja, akichezea vijana wa Lierse. Alikuwa na umbo kubwa. Kabla ya mechi mzazi mmoja wa timu pinzani alijaribu kumzuia asiingie uwanjani, akitaka kujua mtoto huyu ana umri gani, kitambulisho chake kiko wapi, ametoka wapi. Wakati huo Lukaku alikuwa amezaliwa Antwerp! Baba yake hakuwepo, kwa sababu hakuwa na gari la kumfuata kwenye mechi za ugenini. Mtoto alikwenda mwenyewe kwenye mkoba wake, akatoa kitambulisho, akawaonyesha wazazi wale.

Hebu tafakarini picha hiyo, ndugu zetu. Watu wazima wamemzunguka mtoto wa miaka kumi na moja na hakuna hata mmoja wa kwao. Hatumlaumu baba Lukaku hata kidogo, kukosa gari si dhambi, na nyumba ile ilikuwa na shida zake ambazo mwanae amezieleza mwenyewe. Lakini wako wengi miongoni mwetu ambao gari wanalo, au uwanja uko vituo vitatu vya tramu, na bado hawaendi. Lukaku alipata nguvu ya kujitetea. Mtoto mwingine angevua njumu akarudi nyumbani na asiseme kitu.

Tunazijua sababu zinazotolewa. Kazi, kwanza. Wengi wetu tunafagia ofisi usiku, tunahudumia wazee, tunapakia mizigo uwanja wa ndege wa Zaventem, maboksi tumeyabeba mpaka mgongo umepinda, na Jumamosi ndiyo siku pekee ya kulala. Hoja hii tunaiheshimu. Ila hakuna klabu inayodai kila Jumamosi. Wazazi watatu wakipeana zamu, kila mmoja anakwenda mara moja kati ya tatu. Pili, lugha. Hapa Brussels klabu inaweza kuwa upande wa Kifaransa au upande wa Kiholanzi, mzazi anachagua, na tunawaambia kwa uzoefu kwamba kuuza kahawa kwenye kibanda cha klabu kumewafundisha watu Kiholanzi kuliko madarasa ya jioni.

Tatu, pesa. Ada si ndogo, ni euro mia kadhaa kwa msimu, na ukiwa na watoto wawili unaanza kupiga hesabu. Lakini kuna mlango ambao wengi hawaufahamu. Mutuelle, yaani mfuko wako wa bima ya afya, mara nyingi hurudisha sehemu ya ada ya klabu ya michezo. Omba fomu, klabu inagonga muhuri, unaipeleka. Kwa familia zinazosaidiwa na CPAS, ulizeni huko pia, na ulizeni manispaa mnayokaa. Klabu nyingi zinakubali kulipwa kwa awamu ukizungumza mapema na kwa ukweli.

Halafu kuna ndoto. Hapa tutakaa kidogo. Tangu Mbwana Samatta alipokuja Genk kutoka TP Mazembe Januari 2016, akachukua ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19 na kwenda Aston Villa Januari 2020, kila mzazi wa Kiswahili anamtazama mwanae wa miaka saba anaona nyumba ya ghorofa Mbezi. Wakenya nao wana Divock Origi, aliyezaliwa Ostend mwaka 1995 wakati baba yake, Mike Okoth, akisukuma kabumbu huko. Tunafurahi nao. Lakini Samatta alifika hapa akiwa mtu mzima aliyepitia Mbagala, Simba na Lubumbashi, na kwa kila Origi mmoja kuna maelfu ya watoto waliocheza, wakafurahi, wakawa mafundi umeme. Hao hawakushindwa. Wakala akikujia na kadi yake nzuri akisema mwanao wa miaka tisa ana kipaji cha ajabu, asante baba, kwaheri. Nchi hii imewahi kuona vijana wa Kiafrika walioletwa kwa ahadi za mikataba wakaishia kutupwa barabarani bila vibali.

Jambo la makaratasi linahitaji uangalifu. Kanuni za FIFA zinalinda watoto wasihamishwe nchi kwa ajili ya mpira, na tangu 2015 umri wa kuanza kudaiwa hati ya uhamisho wa kimataifa ulishushwa kutoka miaka 12 hadi 10. Maana yake, mtoto wa kigeni akisajiliwa akiwa na miaka sita, mambo ni mepesi. Akisubiri mpaka afikishe kumi, klabu inaweza kudaiwa vielelezo vya wazazi, vya ukazi, vya sababu ya kuhamia hapa, na mtoto akakaa benchi miezi akiwatazama wenzake. Waliokimbia nchi bila hata cheti cha kuzaliwa wanatuelewa. Msingoje.

Kwa wasomaji wetu mlioko nyumbani, msidhani kujitolea ni mambo ya Wazungu. Mathare, Nairobi, tangu 1987 kuna MYSA, iliyoanzishwa na Mkanada Bob Munro na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na vijana wa mtaa wenyewe. Timu ikisafisha takataka za mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Humo ikazaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka 2008. Vijana wa Mathare walikuwa na kipi ambacho sisi hatuna?

Na hapa hapa Brussels, Vincent Kompany, nahodha wa zamani wa Ubelgiji, mwaka 2013 aliichukua klabu ya FC Bleid-Gaume akaigeuza kuwa BX Brussels, kusudi watoto wa mitaa hii wapate mahali pa kucheza. Baba yake, Mzee Pierre Kompany, ni mzaliwa wa Bukavu, aliyefika huku mwaka 1975 akiukimbia utawala wa Mobutu, mkimbizi kama sisi, na mwaka 2018 akachaguliwa meya wa Ganshoren, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya katika nchi hii. Hiyo ni familia ya Kikongo. Tusiseme kwamba mambo ya klabu na manispaa ni ya wenyewe.

Basi wazazi, uandikishaji katika klabu nyingi unaanza majira ya Aprili na Mei, msimu unafunguliwa mwishoni mwa Agosti. Nendeni mapema, maana viwanja vya Brussels ni vichache na orodha za kusubiri ni ndefu. Chukueni kitambulisho cha mtoto. Ulizeni kocha ni nani na kama ametoa ile hati ya rekodi ya jinai ya kipengele 596.2, inayotolewa kwa watu wanaoshughulika na watoto. Klabu nzuri haitakasirika kuulizwa. Ulizeni pia kama kuna timu ya wasichana, maana binti zenu nao wana miguu. Kisha semeni mnachoweza kufanya, kupuliza filimbi, kufua jezi, kubeba watoto watatu kwenye gari, na mseme ni Jumamosi zipi. Wakiwaambia nafasi zimejaa, acheni jina na namba ya simu, halafu mpige tena katikati ya Agosti, kwani kuna familia zinazohama wakati wa likizo kubwa na nafasi zao hubaki wazi.