Nguvu na Amana kwa Muuguzi wa Dharura

Tarehe 15 Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika shimo la Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Mengi yaliandikwa juu ya mizizi na wadudu waliokula gizani. Ni wachache waliouliza habari za wale wanaowapokea watu wa namna hiyo hospitalini. Mtu aliyekaa na njaa kwa wiki kadhaa hapewi sahani ya ugali kwa huruma, kwani chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za damu, na moyo waweza kusimama. Anayekesha naye na kuyachunga hayo ni muuguzi.

Ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, una haja kubwa ya watu hao. Januari 2017 wachimbaji 15 waliokolewa Nyarugusu, mkoani Geita, baada ya siku tatu chini ya kifusi. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa Nyandolwa, mkoani Shinyanga, na familia nyingi zikaishia kupokea maiti. Hayo ni yale yaliyojulikana nchi nzima. Kijana aliyeangukiwa na jiwe siku ya kawaida hafiki na waandishi wa habari. Hufika amebanwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, na wa kwanza kumpokea aghalabu ni binti wa mtu, mwenye sare nyeupe, aliye peke yake zamuni.

Katika Surat al-Qasas tunasimuliwa habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika kwenye kisima cha Madyan. Binti wa mzee yule alimshauri baba yake amwajiri mgeni, akataja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Wengi wetu tukiajiri au tukiomba kazi huikumbuka sifa ya pili na kuisahau ya kwanza. Twasema fulani ana imani, ana huruma, basi yatosha. Kwa muuguzi wa dharura haitoshi.

Tazama kazi yenyewe. Moyo wa mtu mzima ukisimama, kifua chake hukandamizwa kwa mikono miwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mkandamizo ushuke sentimita 5 au 6. Si kupapasa, ni kazi ya kutoka jasho. Wataalamu wameagiza wakandamizaji wapokezane kila baada ya dakika 2, kwa kuwa mikono hulegea kabla mwenyewe hajajihisi amechoka. Hapo ndipo penye hatari: muuguzi adhani anaendelea kumwokoa mgonjwa, ilhali damu haifiki tena kwenye ubongo. Nia yake ni njema, lakini pumzi imemwishia.

Nguvu hizo nazo bila elimu ni hasara. Mtu aliyelaliwa na jiwe mguuni kwa saa nyingi, jiwe likiondolewa ghafla, sumu za misuli iliyopondeka huingia katika damu na kushambulia moyo na figo. Inapowezekana, dripu hutangulia kabla jiwe halijainuliwa. Kwa hiyo anayetaka kupima ufanisi kwa mbio za uwanjani peke yake amekosea, na anayemdharau muuguzi mnene mwenye uzoefu wa miaka 20 amekosea zaidi. Wembamba si afya, na ujana si ujuzi. Naona muuguzi apimwe kwa kazi yenyewe: akandamize sanamu la mafunzo kwa dakika 2 bila kupunguza kina, ashirikiane na wenzake kumhamisha mgonjwa bila kumdhuru yeye wala mgongo wake mwenyewe, kisha aulizwe afanye nini baadaye. Kipimo hicho kirudiwe kila mwaka, si siku ya kuhitimu tu.

Wala tusimtwike muuguzi lawama zote. Anayemwinua mgonjwa kwa mikono mitupu kwa sababu machela imevunjika gurudumu ataumia mgongo hata awe na nguvu za ng'ombe wa kulimia. Tangu mwaka 2021 serikali imejenga majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi za wilaya, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini jengo halikandamizi kifua. Zamu yenye muuguzi mmoja haina wa kumpokea baada ya zile dakika 2.

Sasa nirudi nyumbani kwetu Waislamu. Bibi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) alikuwa na hema lake Madina, na huko ndiko Saad bin Muadh (r.a.) alikopelekwa alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Ummu Atiyya (r.a.) alitoka katika safari saba za vita akiwahudumia majeruhi na wagonjwa. Hao hawakuwa wanawake wa kukaa kitako. Ilhali leo tunamkataza binti kutembea kwa kasi alfajiri au kufanya mazoezi na wenzake kwa stara, eti ni uhuni. Kisha tunampeleka chuo cha uuguzi na kutarajia abebe watu wazima. Kama tatizo ni stara, tumtafutie mahali penye stara. Ua wa madrasa jioni, wanafunzi wakishaondoka, wawatosha wasichana kumi.

Na yule aliyekesha zamu ya usiku katika Ramadhani, akarudi asubuhi na saumu yake, hukuta vyombo vya daku vikimsubiri, na adhuhuri huulizwa futari imefika wapi. Usiku huohuo anarudi kazini, na huenda akaletewa majeruhi wa shimoni. Alale. Viazi vya futari kaka yake anaweza kuvimenya.

Wabillahi tawfiq.