MAMBO YA NYUMBANI NA KAZI: Motokaa Ikatayo Mikanda

Mwezi uliopita tulinena habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Mwezi huu twaiacha ghala na kuinama chini ya boneti, maana imetufikia barua ya mwalimu mmoja wa bara, nayo si ya kungojeshwa.

Mwalimu huyu ana Toyota Corolla, ile ambayo watu huiita 110, aliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika na wengine. Tangu Pasaka mkanda wa injini umemkatikia mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa usiku, naye amempakia mama mjamzito kumpeleka hospitali. Wakakaa porini muda wa saa mbili hata lori likawapitia. Mama alijifungua salama, Mungu ashukuriwe. Lakini sasa watu wanasema ya kuwa fundi, ambaye naye ni Mkristo wa usharika ule ule, huweka mikanda mibovu makusudi ili alipwe tena na tena. Wazee wamemwita aje kujibu. Mwalimu atuuliza kama neno hilo laweza kuwa kweli.

Sisi hatukuiona motokaa hiyo, wala si kazi yetu kuhukumu. Twaweza kunena juu ya mikanda tu, na huenda hayo yakatosha.

Mkanda huo, ambao mafundi huuita fenibeliti, ni ukanda wa raba wenye nyuzi ngumu ndani yake na mifereji upande wa tumboni. Huvutwa na kapi kubwa lililo mbele ya mhimili wa injini. Katika Corolla hii mkanda mmoja huendesha vyombo viwili: altaneta, yaani mtambo utiao umeme katika betri, na pampu ya maji. (Jina la feni ni la kale tu, feni ya gari hii huzungushwa kwa umeme.) Basi ukatikapo, taa nyekundu ya betri huwaka, na baada ya dakika chache mshale wa joto hupanda. Dereva aionaye taa ile akajisemea kwamba betri itamfikisha, huyo anaiangamiza injini yake, kwa kuwa maji hayazunguki tena, na kichwa cha injini hii ni cha alumini, nacho hupinda kwa joto. Azime mara moja, wala asifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa.

Uko na mkanda mwingine, wa taimingi, uliofichwa ndani ya kifuniko chake. Huo ukikatika injini huzimika papo hapo na haiwaki tena. Waliotengeneza gari hii huko Japani waliagiza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Nao usichanganywe na huu tunaounena.

Mkanda haufi bila kutoa habari. Ukilia kwa sauti nyembamba asubuhi, au taa kubwa ziwashwapo, umelegea na unateleza. Ukilia vipande vipande kama kifaranga, kwa kufuatana na mwendo wa injini, yamkini makapi hayakai katika mstari mmoja. Mlio mzito wa kukoroma kwa kawaida si wa mkanda, bali wa beringi. Ili kupambanua milio miwili ile ya kwanza, nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji injini ikinguruma, mikono na nguo zikiwa mbali. Mlio ukizidi, mkanda unateleza. Ukinyamaza kisha ukarudi, tazama mstari wa makapi. Beringi hupimwa injini ikiwa imezimwa: ondoa mkanda, zungusha kila kapi kwa mkono, kisha litikise. Likikwaruza, likigoma au likicheza, umempata adui.

Tena, mkanda uliokwisha kukatika usitupwe. Ulio na uso wa kung'aa kama mpingo umeteleza kwa siku nyingi. Uliovimba na kulainika umelowa mafuta, nayo hutoka mara nyingi katika sili ya mbele ya injini. Hapo kununua mkanda mpya pasipo kuziba mafuta ni kutupa fedha. Ulioungua mahali pamoja umesuguliwa na kapi lililokwama. Ulionyofoka nyuzi za ukingo mmoja, huku ukingo wa pili ukiwa mzima, umekwenda upande. Zamani watu walihesabu nyufa tu, na kwa mikanda ya neoprini ilikuwa sawa. Mikanda mingi ya siku hizi ni ya raba iitwayo EPDM, ambayo huvaa kama tairi bila kupasuka sana, hata mifereji ikawa mipana na mkanda ukaanza kuteleza. Mwenye kutafuta nyufa peke yake atadanganyika.

Turudi kwa mwalimu. Katika barua yake ametaja mambo mawili kama kwa kupita, nayo kwetu ndiyo makubwa. La kwanza, mikanda miwili ya kwanza anayo, na yote miwili imechanika ukingo wa upande wa injini. La pili, wiki ya Pasaka aliinunua mwenyewe altaneta iliyotumika, sokoni, akampa fundi aifunge. Fundi akasema haikai vizuri, ila mwalimu alikuwa na safari.

Mkanda mbovu hukatika popote. Mikanda miwili haichaniki ukingo ule ule kwa ubovu wa dukani. Twadhani altaneta ile si ya injini hii hasa, au imefungwa kwa washa isiyo na kipimo, hata kapi lake limetokeza kidogo mbele au nyuma. Milimita chache zatosha. Lakini asibadilishe altaneta kwa neno letu tu. Achukue rula ndefu ya chuma, ailaze juu ya uso wa makapi, aone kama yote yaigusa sawasawa. Kisha awashe injini na kulitazama kutoka ubavuni lile kapi kubwa la chini: lina raba katikati, nayo ikiachana kwa uzee kapi huyumba na kuula mkanda vivyo hivyo. Gari za namna hii zilianza kuuzwa Japani mwaka 1995, na hata iliyo changa kati yake imepita miaka 20; raba hiyo si ya kuaminiwa.

Kazi hiyo yote ni ya nusu saa, wala haihitaji fedha. Ingefaa ifanyike mbele ya wazee, fundi mwenyewe akishika rula, kabla maneno mengine hayajasemwa. Na mkanda wa tatu, ule wa usiku wa mama mjamzito, kama ungali umelala chini ya kiti, mwalimu auweke mezani pamoja na ile miwili. Atuandikie ulichanika upande gani.