Mama Hana Taksiri

Yupo mtoto wa kiume azaliwaye mzima, akakua kama wenziwe, kisha apatapo miaka mitatu au minne akaanza kuanguka mara kwa mara na kushindwa kupanda ngazi, na kila atakapo kuinuka kutoka chini hujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe, ilhali mashavu ya miguu yake yamejaa hata watu wakadhani ni nguvu. Maradhi hayo ya kunyauka misuli yalielezwa kwa urefu na tabibu wa Kifaransa, Duchenne, katika miaka ya 1860, nayo yanaitwa kwa jina lake hata leo.

Miongoni mwa tunavyorithi kwa wazazi wetu imo jeni iuwezeshayo mwili kutengeneza distrofini, protini inayoihami misuli isichanike kila inapojikaza. Jeni hiyo, waliyoitambua Louis Kunkel na wenziwe huko Boston mwaka 1986, ikiwa na kasoro, misuli huharibika kidogo kidogo, na mahali pake hushika mafuta na makovu. Nayo imo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu. Kwa hiyo mwanamke aweza kuichukua kasoro hiyo umri wake wote, aghalabu pasipo kuugua, na kila mwana wa kiume amzaaye huwa nusu kwa nusu kupatwa au kusalimika.

Hapa ndipo dhuluma iingiapo. Jamaa wakisha kusikia kwamba maradhi hupitia kwa mama, humgeuzia nyuso, na wako wanaomshauri mume atoe talaka; wasiosikia lolote husingizia hasadi na uchawi. Hakuna insafu katika hayo. Hapana binadamu achaguaye atakachorithi wala atakachorithisha, na tena takriban theluthi ya watoto hao kasoro yao imezuka upya, mama zao hawanayo kabisa.

Dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana, wala haifai kumdanganya mzazi. Walakini vidonge vya steroidi, chini ya uangalizi wa tabibu, humzidishia mtoto muda wa kutembea. Kunyooshwa viungo kwa taratibu huvichelewesha kukakamaa. Na moyo na pumzi vikiangaliwa mapema, umri wake huongezeka.

Basi ewe mzazi uonaye dalili hizo, usimchape mtoto kwa uvivu, wala usimzungushe kwa waganga. Mpeleke hospitali apimwe damu, na wewe baba ufuatane na mkeo.