Tuwe Waangalifu na Wasajili wa Majina ya Mtandaoni

Mwaka 2021 ofisi yetu ilipiga chapa karatasi 3,000 za kuwatangazia askari wastaafu na wajane wa askari chama chao cha akiba na mikopo. Chini ya karatasi hiyo tuliandika kwa herufi nene anwani ya chama katika intaneti, ili mwenye simu apate fomu za kujiunga pasipo kufunga safari hadi Kampala. Karatasi ziligawiwa kambini, makanisani, misikitini, na katika foleni za pensheni. Miaka miwili baadaye mjane mmoja alifika mezani petu akiwa na karatasi ile ile, imekunjwa mara nne, akatuuliza kwa adabu kubwa kwa nini jeshi linawaita wajane wake wakacheze kamari.

Mama yule hakuwa amekosea. Tulipoifungua anwani ile tulikuta mashine za kamari na maandishi ya lugha ya kigeni. Jina la chama lilikuwa limemaliza muda wake, halikulipiwa, likachukuliwa na watu tusiowafahamu. Na kamari haikuwa ubaya mkubwa kuliko wote. Anayeshika jina la mtandaoni hushika pia barua pepe zote zinazotumwa kwa jina hilo. Katika miezi ambayo sisi tulikuwa tumelala, wanachama waliendelea kutuma nakala za vitambulisho, hati za benki na barua za warithi kwa anwani ambayo haikuwa tena mali ya chama. Hadi leo hapana awezaye kuwahakikishia kwamba barua hizo hazikusomwa.

Tuliuliza lawama ni ya nani, na jibu halikutupendeza. Kijana fundi aliyekitengenezea chama kurasa zake alikuwa ameliandikisha jina kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe. Kijana huyo alikwenda kutafuta kazi katika nchi za Ghuba, na maonyo ya kulipa yakawa yanamfuata huko, katika sanduku ambalo hakulifungua tena. Kampuni iliyomuuzia jina, ambayo hatutaitaja hapa, ilikuwa na chumba kimoja mjini na namba ya simu isiyopokelewa. Na sisi wenyewe, tuliofundishwa chuoni tangu tukiwa makadeti kwamba ghala halipokelewi bila kuhesabiwa, tulipiga chapa anwani ile bila kuuliza ni nani aliyeishikia daftari.

Ndugu msomaji, jina la namna hiyo watu wa Kiswahili wameliita jina la kikoa. Watu wa pwani walikuwa na neno kikoa kabla ya kompyuta kuwapo: ni ule ushirika wa kula, ambapo kila mmoja huandaa chakula kwa zamu na wenzake wakaja kula. Asiyetimiza zamu yake hana haki ya kukaa mkekani. Neno limefaa pengine kuliko ilivyokusudiwa, kwa kuwa jina la mtandaoni haliuzwi moja kwa moja. Hukodishwa kwa mwaka mmoja hadi miaka 10, na zamu ya kulipa ikipita, mwenye jina huinuliwa mkekani.

Yafaa ieleweke kwamba biashara hii ina ngazi zake. Juu kabisa liko shirika la ICANN, lililoundwa mwaka 1998, lenye makao yake Los Angeles, Marekani. Chini yake iko rajisi, yaani mwenye daftari kuu la majina yote yenye mwisho mmoja. Majina yanayoishia kwa.com yamo katika daftari la kampuni ya Verisign ya jimbo la Virginia. Kisha yuko msajili, aliyepewa kibali cha kuandika katika daftari hilo kwa niaba ya wateja. Na chini ya msajili wamejaa wachuuzi, ambao hupokea fedha na kupeleka maombi kwa msajili. Wapo wachuuzi waaminifu, na wengine huwasaidia sana wasiozoea mambo haya. Lakini mteja aliyenunua kwa mchuuzi akidhani amenunua kwa msajili hajui agonge mlango upi siku ya shida. Hayo ndiyo yaliyokipata chama chetu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekuuzia jina ni hili: wewe ni msajili, au unamuuzia msajili gani? ICANN hutangaza hadharani orodha ya wasajili wenye kibali chake, na mtu yeyote aweza kulitafuta jina la .com katika kumbukumbu zilizo wazi akaona limeandikwa na msajili gani na muda wake utakwisha lini. Kazi hiyo haichukui dakika 5. Ni ajabu kwamba tunauliza hati ya shamba la mihogo kwa mashahidi watatu, ilhali jina linalobeba siri za watu mia kadhaa tunalipokea kwa neno la mdomo.

Hata hivyo kibali peke yake si kinga. Mwaka 2007 kampuni ya RegisterFly ya Marekani, iliyokuwa na kibali halali, ilisambaratika kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe, na wateja waliokwisha kulipa wakaona majina yao yanapotea. ICANN iliinyang'anya kibali, na majina yapatayo 850,000 yakahamishiwa kampuni ya GoDaddy. Ni baada ya aibu hiyo ndipo ICANN ilipoanza kulitekeleza kwa dhati sharti kwamba kila msajili aweke nakala ya daftari lake mahali pa amana.

Wengi huvutwa na bei, na hapo pana mtego. Mwezi Septemba 2024 Verisign ilipandisha bei ya jina la .com kwa wasajili wote kufikia dola 10.26 kwa mwaka. Sasa mtu akikutangazia jina hilo kwa dola moja, yafaa ujiulize anaitoa wapi hiyo hasara. Aghalabu anaitoa kwako, mwaka wa pili, bei inapopanda ghafla wakati tayari umeshalichapa jina katika mabango na mihuri. Bei ya kuulizia si ya kuingia bali ya kuendelea, na pia ada ya kulikomboa jina lililochelewa kulipiwa. Majina ya .com yanapofutwa na msajili kwa kukosa malipo hukaa siku 30 za ukombozi, kisha siku 5 za kungojea kufutika kabisa. Wapo wasajili watakaokutoza kiasi cha kuumiza kwa ukombozi huo, na wapo wanaolipiga jina mnada kabla halijafika huko.

Swali jingine ni la kutoka. Sisi wa kambini twaijua thamani ya neno la siri la zamu: mwenye neno hupita, asiye nalo hurudi. Majina ya mtandaoni nayo yana neno la namna hiyo, na pasipo neno hilo jina haliwezi kuhamishwa kwenda kwa msajili mwingine. Kanuni za ICANN zinamlazimu msajili kumpa mwenye jina neno hilo ndani ya siku 5 tangu alipoliomba, akiwa hana wa kulipata mwenyewe. Kanuni hiyo yahusu majina kama .com na .org, majina ya nchi, kama.ug yetu, .ke ya Kenya na .tz ya Tanzania, yana taratibu zao, na ni wajibu wa mnunuzi kuuliza kabla ya kulipa. Muuzaji anayejiuma ulimi ukimwuliza mambo ya kuhama, huyo muache mapema.

Bara letu limekwisha kuonja uchungu wa vya bure. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi ilikabidhiwa majina ya nchi kadhaa, zikiwamo Mali, Gabon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikawa inagawa majina pasipo malipo. Wanafunzi na wafanyabiashara wadogo waliyakimbilia, na matapeli wakayakimbilia zaidi. Kwa masharti ya mgao huo, aliyepewa jina la bure alikuwa mtumiaji tu, wala si mwenye jina. Mwezi Machi 2023 kampuni ya Meta iliishtaki Freenom kwa kuwalea walaghai. Mwezi Juni mwaka huo Gabon ikalirudisha nyumbani jina lake la .ga, na majina zaidi ya milioni 7 yakafutwa. Mwezi Novemba ICANN ikaiondolea kibali kampuni ya usajili ya jamaa hao, na mwaka 2024 Freenom ikatangaza kuiacha biashara. Miongoni mwa mamilioni hayo walikuwamo watu wema wasio na kosa lolote, isipokuwa kwamba hawakusoma masharti.

Hatuna budi pia kusema la ulinzi, maana ndilo linalotuhusu kikazi. Mwezi Aprili 2019 wataalamu wa Cisco Talos walieleza jinsi wadukuzi walivyoziingilia taasisi zipatazo 40 katika nchi 13, hasa za Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, zikiwamo wizara za mambo ya nje na vyombo vya kijeshi. Wadukuzi hao hawakuhangaika kila mara na lango la wizara. Waliwaingilia baadhi ya wanaotunza majina, wakageuza njia, na barua zikapita mikononi mwao kabla ya kufika. Msajili anayefaa, basi, ni yule anayedai ushahidi wa pili mbali na neno la siri kabla ya kukufungulia daftari, anayelifunga jina kwa kufuli lisihamishwe ovyo, na aliye na mtu wa kupokea simu usiku. Msajili anayebadilisha anwani ya mteja kwa sababu mtu fulani amepiga simu na kujitambulisha kwa ufasaha, huyo ni mlinzi anayefungua lango kwa kila anayevaa buti.

Je, tuchukue majina ya nje au ya kwetu? Jina la .ug limo katika orodha ya dunia tangu mwaka 1995, na daftari lake liko hapa hapa Kampala. Sisi tunaona kwamba chama kinachowahudumia Waganda kinafaa kuanza na .ug, na hatusemi hivyo kwa uzalendo mtupu. Makampuni mengi ya Marekani huweka sharti kwamba shauri lolote litasikilizwa huko kwao. Mjane wa Gulu atapanda ndege ipi? Lakini muuzaji haoshwi na uraia wake. Yule asiyepokea simu alikuwa mwenzetu, na ofisi yake ilikuwa mwendo wa miguu kutoka yetu.

Lililo chungu ni kwamba hata msajili bora wa dunia asingelikiokoa chama kile, maana kwenye daftari mwenye jina alikuwa fundi. Kwa majina kama .com, wasajili wanatakiwa kutoa onyo mwezi mmoja hivi kabla ya muda kwisha, tena juma moja hivi kabla, na mara nyingine baada ya kwisha. Lakini onyo hupelekwa kwa aliyeandikwa. Jina la taasisi liandikwe kwa jina la taasisi, kwa barua pepe ya cheo wala si ya mtu, na barua pepe hiyo isiwe chini ya jina lile lile, kwa kuwa jina likifa na onyo hufa nalo. Risiti na neno la siri vikabidhiwe kwa maandishi kila viongozi wanapobadilishana, pamoja na funguo na muhuri.

Chama sasa kina jina jipya la .ug, limelipiwa kwa miaka kadhaa, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani kwa mweka hazina. Jina la zamani halikurudi. Waliolishika walitaka fedha ambazo wanachama wasingeweza kuzichanga. Zile karatasi 3,000 tungali tunazikusanya. Ndugu msomaji akiiona moja imebandikwa msikitini, kanisani au dukani, tunamwomba aibandue na kuifikisha katika kambi iliyo karibu naye.