Je, Risasi Ndiyo Hatari Kubwa ya Askari?

Nikimaliza masomo nimekusudia kuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Bibi yangu hataki kabisa. Kila nikirudi nyumbani likizo huniuliza, "Mjukuu wangu, unataka kufa kwa risasi?" Zamani nilikuwa nikicheka tu. Siku hizi namwambia kwamba risasi siyo ya kwanza katika mambo ya kuogopwa.

Vita vilipita hapa hapa Kidodi. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini yalifika yakitoka Kilosa, yakiwafukuza Wajerumani. Mbung'o walikuwa wameua farasi na maksai wengi, basi mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Wapagazi hao, ambao kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariakoo kule Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wengine walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, wakaupika haraka haraka kwa uchovu, wakaula haujaiva, na matumbo yakawamaliza. Sufuria ya ugali ulioiva ingaliokoa roho nyingi sana. (Wenzangu mnaonung'unikia zamu ya jikoni, someni hapo mara mbili.)

Mtu atasema hayo ni ya kale. Lakini tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka katika kambi ya Mbagala, Dar es Salaam, na tarehe 16 Februari 2011, hata miaka miwili haijatimia, yakalipuka ya Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na nyumba nyingi zikabomoka. Adui hakuwapo. Wengi walioumia walikuwa raia waliokuwa majumbani mwao.

Baruti huchakaa, na joto huiharibu. Yapasa ikaguliwe mara kwa mara, iliyozeeka iteketezwe mapema, na ghala liwe mbali na makazi ya watu. Kazi hiyo haina nyimbo wala gwaride, na labda ndiyo sababu sisi vijana hatuihesabu kuwa ya kishujaa. Tunamdhania mwoga yule anayeuliza maswali kabla ya kazi kuanza. Mimi naona afisa wa namna hiyo ndiye ningependa kumfuata, ikiwa katika hesabu yake ya hatari anamtia pia mpagazi, mpishi na mama anayeuza maandazi nje ya lango la kambi.

Bibi bado hajakubali. Nimemwahidi kwamba siku nitakapofika kambini nitauliza kwanza maji ya kunywa yanatoka wapi, na ghala la baruti liko umbali gani na shule iliyo jirani. Amesema atangoja asikie nitakavyojibiwa.