Ngoma Zitoke Stoo, Ziingie Darasani

Katika shule nyingi za serikali mkoani Singida, ngoma hukaa stoo pamoja na majembe na madawati yaliyovunjika. Zinatolewa akija mgeni rasmi. Watoto wanacheza juani, mgeni anatunza, picha zinapigwa, ngoma zinarudi zilikotoka. Mtihani wa darasa la saba ukikaribia hata hilo husimama, maana wazazi, walimu wakuu na maofisa elimu wengi wanaamini jambo moja: sanaa inawapotezea watoto muda wa masomo.

Si kweli. Na imani hiyo inawaumiza zaidi watoto walewale tunaodai kuwahurumia, wale wanaohangaika na Hisabati.

Chukua Kigawe Kidogo cha Shirika, ile KDS inayowatoa watoto jasho. Mwalimu anaandika 2 na 3 ubaoni, anaorodhesha vigawe, watoto wananakili, kengele inalia. Sasa ligawe darasa hilohilo mafungu mawili. Wote wahesabu kwa sauti, moja mpaka sita, warudie. Fungu la kwanza lipige makofi kwenye mbili, nne na sita. Fungu la pili lipige kwenye tatu na sita. Makofi yatagongana kwenye sita peke yake. Hapo mtoto ameisikia KDS kabla hajaiandika, na ukimpa 4 na 6 ataanza kuitafuta kwa viganja. Mdundo huo wa mbili kwa tatu hauhitaji kuagizwa kutoka popote. Umo katika ngoma nyingi za Afrika, na watoto wetu wanaucheza kabla hawajaandikishwa shule. Kipindi kilekile, dakika zilezile. Muda uliopotea uko wapi?

Shuka Manyoni, kwa Wagogo, ukutane na zeze, ala ya uzi yenye kibuyu. Ukiubana uzi wake katikati kabisa, sauti inapanda oktava moja. Ukiacha theluthi mbili za uzi zitetemeke, inapanda pia, ila si kwa kiasi hicho. Nusu na theluthi zinasikika kwa sikio. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma mawimbi ya sauti, kile kibuyu ni maabara. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alipiga zeze na ala iitwayo ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya, na wageni wakamlipa ili wamsikilize. Inauma kwamba kijana wa Manyoni anaweza kumaliza kidato cha nne bila mwalimu wake wa Fizikia kukigusa chombo hicho hata mara moja.

Kuna suala la lugha pia. Mtoto wa kijijini Ikungi au Mkalama mara nyingi anafika darasa la awali akizungumza Kinyaturu au Kinyiramba, na Kiswahili anakikuta shuleni. Tunamkalisha, tunamwambia anyamaze, kisha tunashangaa mbona haongei. Mpe igizo la dukani: huyu muuzaji, yule mnunuzi, kuna kisado cha alizeti na noti za karatasi. Itambidi aulize bei, abishane, adai chenji yake. Ameongea Kiswahili na amefanya hesabu ya kutoa.

Anayetaka ushahidi wa mbali pia upo. Huko Houston, Marekani, watafiti Daniel Bowen na Brian Kisida walifuatilia shule 42, baadhi zikiwa zimepewa programu za sanaa kwa bahati nasibu. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 yalionesha makosa ya nidhamu yamepungua na alama za uandishi zimepanda. Alama za Hisabati hazikuanguka.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Naunga mkono. Hofu yangu ni kwamba litageuka daftari jingine la kunakili: andika maana ya sanaa, taja aina tatu za sanaa, funga daftari. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu inayomtenga mtoto na jamii yake. Kumnakilisha fasili ya ngoma mtoto anayejua kuipiga ni kumtenga kwa namna hiyohiyo.

Walimu wataniambia wana watoto themanini darasani na hawakufundishwa kazi hii. Hilo la themanini ndilo linalonipa nguvu: makofi ya watoto themanini yanasikilizwa kwa pamoja, madaftari themanini yanasahihishwa moja moja. Hilo la mafunzo ni la haki, na lina pa kuanzia. Chuo cha Ualimu Kinampanda kiko hapahapa mkoani, wilayani Iramba. Kila mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha apimwe kwa angalau somo moja la Hisabati au Sayansi alilolifundisha kwa wimbo, igizo au ususi. Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, vinavyofanyika shuleni vitenge zamu ya jambo hili. Na bibi anayesuka vikapu kijijini, anayehesabu mistari ya rangi kwa kichwa bila kukosea, aitwe darasa la nne siku ya kipindi cha maumbo, alipwe kama anavyolipwa fundi wa madawati.