Chombo cha kuvaa kwa kupima mwili: kimfurahishe jaji ao mgonjwa?

Wazo la chombo kidogo cha kuvaa ku mkono ao ku kidole, kinachopima mwili na kutuma jibu ku telefone, linapendwa sana katika mashindano ya wanafunzi. Nasi tunalipenda. Lakini tukiwaza Kabondo-Dianda, hapa kwetu Haut-Lomami, tunajiuliza kinafaa kupima nini kwanza.

Mfano wa karibu ni wa Uganda. Brian Gitta na wenzake, wanafunzi wa Universite ya Makerere, walitengeneza Matibabu, kibano cha kidole kinachotafuta malaria kwa mwangaza mwekundu, bila kutoboa ngozi. 2013 walikwenda nacho Urusi, ku mashindano ya Imagine Cup, wakapata zawadi ya UN Women. 2018 Gitta akashinda Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25 000. Miaka 5 ilikuwa imepita, na chombo kilikuwa kingali katika majaribio. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka; kazi ya namna hiyo njo vile ilivyo.

Tena mwangaza una matata yake. Desemba 2020, watafiti wa Michigan, Marekani, walichunguza kile kibano cha kidole kinachopima oksijeni katika damu, kinachotumika dunia nzima. Pale kiliposema oksijeni iko kati ya 92 na 96 kwa mia, damu yenyewe ilionyesha kwamba imeshuka chini ya 88: kwa wagonjwa weusi mara 11,7 kwa mia, kwa weupe 3,6. Chombo kilijaribiwa zaidi ku ngozi isiyokuwa yetu. Basi mwanafunzi wa Kamina anayenunua kipima-mwangaza cha bei ndogo asiamini kila namba anayoona.

Na malaria? Kuko tayari kipimo cha haraka: tone moja la damu, dakika 15 ao 20, bila kura, bila batri. Kukishinda hicho si mchezo.

Sisi tungechagua kupumua. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 anayekohoa na kupumua mara 50 ao zaidi kwa dakika, ao wa mwaka 1 mpaka 5 anayefikia 40, OMS inasema ashukiwe kuwa na ugonjwa wa mapafu. Muganga anahesabu kwa macho, saa mkononi, dakika nzima, mtoto analia, mama wengine wanangoja ku mlango. Akikatizwa, anaanza upya. Mkanda wa kifuani unaohesabu kifua kikipanda na kushuka hauangalie rangi ya ngozi. Makerere tena walijaribu njia ya jirani: jaketi ya Mama-Ope, inayosikiliza mapafu.

Ila mtoto anayelia na kujipindua atavuruga hesabu ya mkanda pia. Jambo hilo halionekane ku meza ya maonyesho. Linaonekana ku sentre ya afya, asubuhi, watoto wakiwa wengi. Wanafunzi wapeleke mkanda kule mbele ya kujaza foramu ya mashindano.